Titi la kushoto linaniuma kwa miezi mitatu: je, ni saratani?

Swali: Shikamoo, daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Morogoro na kazi yangu ni mama lishe. Kwa miezi mitatu sasa titi la kushoto linaniuma, upande wa nje kuelekea kwapani. Siku nyingine linakuwa zito, siku nyingine linachoma. Nikijipapasa nahisi kama mafundofundo. Natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na hedhi haina mpangilio tangu nianze. Mama yangu mdogo alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 58, kwa hiyo silali. Jirani anasema ni chango, nichanjwe. Mwingine anasema ni simu ninayoweka kwenye sidiria. Je, hii ni saratani? Nikapige picha, au nisubiri?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Maumivu ya titi yakiwa peke yake, yaani bila uvimbe unaoshikika, bila badiliko la ngozi na bila chuchu kutoa majimaji, ni nadra sana kuwa dalili ya saratani. Katika kila wanawake 100 wanaofika kliniki kwa sababu ya maumivu tu, na daktari akawapapasa asikute kitu, wanaogundulika kuwa na saratani hawazidi watatu, na mara nyingi hawafiki hata hao. Lakini wewe hukuandika maumivu peke yake. Umeandika pia mafundofundo, na hilo ndilo linalonifanya nikuombe uende ukapimwe ndani ya wiki hizi mbili. Sisemi hivyo kwa kuwa nadhani una saratani. Nasema hivyo kwa kuwa hakuna daktari anayeweza kupima fundo kwa kusoma barua.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote, wewe na kila mwanamke atakayesoma jibu hili, ni kwamba maumivu si kipimo cha hatari. Mwanamke anayeumwa titi hukimbia hospitali akiwa na hofu kubwa, na mara nyingi anarudi nyumbani na habari njema. Mwanamke aliyekuta kivimbe kigumu kisichouma hata kidogo hubaki nacho nyumbani kwa miezi, wakati mwingine kwa mwaka mzima na zaidi, akijipa moyo kwamba kingekuwa kibaya kingeuma. Ukweli ni kinyume chake, kwa sababu saratani ya matiti katika hatua zake za mwanzo kwa kawaida haiumi. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya wanawake wengi wa nchi zetu wafike hospitali kubwa kama Ocean Road, Bugando au KCMC ugonjwa ukiwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne, wakati matibabu ni marefu, ni ghali na matumaini ni madogo kuliko ambavyo yangekuwa. Kwa hiyo maumivu yako nayachukulia kwa uzito wake kama maumivu yanayokusumbua na yanayostahili tiba. Mafundo nayachukulia kwa uzito wake tofauti, hata kama yasingeuma kabisa.

Sasa tuyatazame maumivu yenyewe. Wanawake wengi huumwa matiti wakati fulani wa maisha yao, na kwa takriban theluthi mbili ya wanaoumwa, maumivu hayo hufuata mzunguko wa hedhi. Homoni za estrojeni na projesteroni huongezeka katika nusu ya pili ya mzunguko, tezi na mirija ya maziwa huitikia kwa kujaa, na matiti huwa mazito na yenye kuuma yakiguswa. Maumivu ya namna hii huanza wiki moja au mbili kabla ya hedhi, hukaa zaidi sehemu ya juu upande wa nje kwa sababu huko ndiko tezi zilikojaa, huweza kusambaa hadi kwapani na kwenye mkono, na hupungua au kwisha kabisa damu inapoanza kutoka. Kwa kawaida huwa pande zote mbili, ingawa upande mmoja unaweza kuzidi kiasi kwamba mwanamke haoni kama mwingine nao unauma. Watu wengi hudhani kwamba mwenye maumivu haya ana kasoro ya homoni, wakaenda kulipia vipimo vya damu vya gharama kubwa. Mara nyingi homoni zake zikipimwa hukutwa za kawaida, na ni titi lake tu linaloziitikia kwa nguvu zaidi. Kama hedhi yako haijakatika bila sababu inayojulikana na chuchu zako hazitoi maziwa ilhali hunyonyeshi, usiingie katika gharama hiyo.

Theluthi inayobaki ni wale ambao maumivu yao hayafuati hedhi. Haya mara nyingi huwa upande mmoja, mahali pamoja panapoweza kuoneshwa kwa kidole, na huelezwa kama kuchoma au kuwaka. Huonekana zaidi kwa wanawake walio kati ya miaka 30 na 50. Sababu yake inaweza kuwa ndani ya titi, kama vile kifuko cha maji kilichojaa ghafla, kovu la upasuaji au la kipigo, au mirija iliyopanuka. Lakini kwa idadi kubwa ya wanawake hawa, na hapa ninakufikiria wewe hasa, titi halina kosa lolote, na kinachouma ni ukuta wa kifua ulio nyuma yake.

Umesema wewe ni mama lishe. Mama lishe huamka alfajiri akateka maji, akanyanyua ndoo, akatenga sufuria la wali jikoni na kulitengua likiwa limejaa, akasonga ugali wa watu wengi kwa mwiko mkubwa, kisha jioni akaosha na kubeba vyombo kurudi navyo nyumbani. Kazi hiyo inafanywa na misuli mikubwa ya kifua, ambayo imelala chini ya titi na kujishikiza karibu na bega, yaani kule kule unakosema kunauma. Mbavu nazo zimeunganishwa na mfupa wa katikati ya kifua kwa gegedu, yaani mfupa laini, na viungo hivyo huweza kuvimba na kuuma kwa wiki au miezi. Hali moja ya aina hiyo, yenye uvimbe unaoonekana kwa macho juu ya ubavu, ilielezwa na daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Alexander Tietze, mwaka 1921, na bado wapo wanawake wanaopigwa picha za matiti bure kwa ajili ya maumivu ambayo chanzo chake ni gegedu.

Ipo njia rahisi ya kuanza kutofautisha, na unaweza kuifanya leo usiku kitandani. Lalia ubavu wako wa kulia, ili titi la kushoto lilegee na kuangukia upande wa pili, mbali na mbavu zilizo chini yake. Kisha kwa ncha za vidole bonyeza polepole juu ya mbavu zenyewe, ukianzia chini ya kwapa ukaja mbele, ubavu baada ya ubavu. Baada ya hapo lishike titi lenyewe kati ya vidole na kiganja, ukiwa umelivuta kidogo kutoka kifuani, ulibonyeze taratibu. Ikiwa maumivu yako yale yale yameamshwa na kubonyeza ubavu, na titi lililoshikwa peke yake haliumi, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba chanzo ni misuli au gegedu. Ikiwa kunyanyua ndoo au kuvuta pumzi ndefu kunayachochea, hiyo ni alama nyingine ya upande huo huo. Mweleze daktari matokeo hayo, kwa sababu yeye naye atakulaza hivyo hivyo kukupima.

Sindano unayotumia nayo ina nafasi yake. Maumivu ya matiti ni miongoni mwa maudhi yanayojulikana ya sindano ya miezi mitatu, sawa na hedhi kuvurugika, na wanawake wengine huongezeka uzito wakiitumia, jambo linaloongeza pia uzito wa matiti yanayoning'inia kifuani mchana kutwa. Kwa kuwa hedhi yako haina mpangilio, huwezi kuitumia peke yake kama saa ya kupimia maumivu. Ninakushauri uchukue kalenda ya ukutani, na kila usiku kabla ya kulala uandike kwenye tarehe ya siku hiyo namba moja kati ya 0 na 10, ambapo 0 ni siku isiyouma kabisa na 10 ni maumivu yasiyovumilika. Weka alama siku za damu, weka alama siku uliyochomwa sindano, na siku ambayo kazi ilikuwa nzito kupita kawaida andika neno moja tu la kukukumbusha, kama vile “harusi” ukipika harusini. Baada ya miezi miwili karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbukia kichwani, kwa kuwa sote hukumbuka siku zilizouma na kusahau zilizopita salama. Usiache sindano kwa hofu kabla ya kuongea na mtoa huduma wa uzazi wa mpango, kwa sababu mimba usiyoitarajia nayo ina mzigo wake. Kama tarehe ya sindano ilikupita, pima mimba kwanza, kwani matiti kuuma na kujaa ni dalili yake ya mapema.

Dawa nyingine zinazoweza kuumiza matiti ni vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za sonona na za magonjwa ya akili, spironolaktoni inayotumika kwa moyo na shinikizo la damu, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Ukienda kliniki beba kila dawa unayoitumia ikiwa katika pakiti yake, na za mitishamba pia.

Yapo maumivu mengine yanayojifanya ya titi. Mkanda wa jeshi huanza kwa kuwaka upande mmoja wa kifua siku kadhaa kabla malengelenge hayajatokea, na dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vionekane. Mkanda huo ukimpata mtu wa umri wako, ni vyema apime pia virusi vya UKIMWI. Mawe ya nyongo huweza kupeleka maumivu chini ya titi la kulia baada ya chakula chenye mafuta. Moyo nao usisahauliwe, hasa kwa mwanamke mwenye kisukari au shinikizo la damu: kifua kinachobana upande wa kushoto au katikati, maumivu yakaenda kwenye taya au mkono, pamoja na jasho jembamba na pumzi kukata, hayo hayasubiri miadi ya kliniki ya matiti, bali yanahitaji gari la kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wewe hukusema kwamba unanyonyesha, lakini wanyonyeshao watasoma, na kwao maumivu yana maana nyingine. Titi likiwa jekundu, la moto, gumu mahali pamoja, na mama ana homa na mwili unauma kama mwenye malaria, hayo ni maambukizi ya titi, ambayo hutokea zaidi katika wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua, mara nyingi kupitia chuchu iliyopasuka kwa mtoto kutoshika titi vizuri. Mama huyo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na aendelee kunyonyesha au kukamua, kwa sababu maziwa yakisimama ndani hali huwa mbaya zaidi na jipu huweza kutunga. Mama anayeishi na VVU asinyonyeshe kwa titi lenye maambukizi au chuchu yenye kidonda mpaka apate maelekezo ya kliniki yake. Na hapa nasisitiza jambo ambalo limegharimu maisha: titi jekundu ambalo halijapona baada ya dozi kamili ya antibayotiki, awe mama ananyonyesha au la, halipaswi kupewa dozi ya pili na ya tatu ya dawa nyingine huku likitazamwa tu. Ipo aina ya saratani inayokuja kwa sura ya maambukizi, titi likavimba kwa wiki chache na ngozi ikawa na vitundu kama ganda la chungwa, na kwa nchi kama zetu upo pia uwezekano wa kifua kikuu cha titi, ambacho hutoa usaha usiokauka. Zote mbili hujulikana kwa kuchukua kinyama na kukipima maabara.

Nirudi kwenye mafundofundo yako. Titi la mwanamke wa miaka 36 si laini kama shavu. Ni la punjepunje, hasa sehemu ya juu upande wa nje, na punje hizo hukaza kadiri hedhi inavyokaribia. Papasa titi la kulia mahali pale pale. Ikiwa na lenyewe lina punje za namna hiyo, huenda ulichokishika ni tezi zako za kawaida. Kinachonitia wasiwasi ni kitu kimoja kinachojitenga na wenzake, chenye mpaka unaoweza kuufuata kwa kidole, ambacho upande wa pili hakina mfano wake, na ambacho hakibadiliki wiki zikipita au kinakua. Hata hicho, kwa umri wako, mara nyingi huwa kifuko cha maji au kivimbe kisicho na madhara kinachoteleza chini ya vidole. Lakini vidole vyako haviwezi kukitofautisha na saratani, na vyangu pia mara nyingine haviwezi, na ndiyo maana kila fundo lililojitenga hupimwa kwa picha na, ikibidi, kwa sindano.

Kuhusu mama yako mdogo, pole sana. Ninaelewa kwamba aliyemuuguza ndugu kwa ugonjwa huu huhisi kila maumivu kama zamu yake imefika. Hata hivyo, ndugu mmoja wa daraja la pili, yaani asiye mama mzazi, dada wala binti, aliyeugua baada ya miaka 50 huongeza hatari yako kwa kiasi kidogo tu. Sehemu kubwa ya wanawake wanaougua saratani ya matiti hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua, na saratani zinazotokana moja kwa moja na jeni za kurithi, kama BRCA1 na BRCA2, ni takriban 5 hadi 10 katika kila 100. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama angekuwa mama mzazi, dada au binti aliyeugua kabla ya miaka 50, au kama kuna mwanamume wa ukoo aliyeugua saratani ya titi, au ndugu waliougua saratani ya ovari. Muulize mama yako kuhusu ukoo wote, wa kwake na wa baba, kwa sababu jeni hizo hurithiwa pande zote mbili, jambo ambalo familia nyingi hulisahau. Historia ya ukoo peke yake haikukatazi kutumia sindano ya uzazi wa mpango.

Majirani zako wanakutakia mema, lakini usikubali kuchanjwa. Wembe juu ya titi huacha jeraha, huingiza vijidudu, na makovu yake humchanganya daktari atakayepima ngozi hiyo baadaye. La kuumiza zaidi ni muda: mwanamke huchanjwa, akaambiwa asubiri dawa ifanye kazi, akasubiri. Simu haijathibitishwa kusababisha saratani ya titi, wala sidiria, wala manukato ya kwapani. Lakini simu ngumu iliyobanwa kwenye titi la kushoto tangu asubuhi, pamoja na noti na sarafu za mauzo, inaweza kabisa kulikandamiza likauma, hivyo nunua kipochi cha kufunga kiunoni. Itazame sidiria pia. Nyingi zinazouzwa mnadani zimeshalegea mpira, hazibebi kitu, na mabega na misuli ya kifua ndiyo inayobeba. Nyingine zina waya unaochoma chini ya kwapa. Tafuta yenye mkanda mpana unaokaa sawa mgongoni bila kupanda juu, vikombe vinavyolimeza titi lote, na ikiwezekana vaa nyingine laini usiku wakati maumivu yamezidi. Wanawake wengi hupata nafuu kubwa kwa hatua hii peke yake, ingawa wanapoandikiwa hutazama cheti kwa mashaka kwa kuwa hakina dawa.

Umeuliza kama upige picha. Anza na mikono ya mtaalamu, katika kituo cha afya au hospitali yenu. Atakutazama ukiwa umekaa, mikono kiunoni kisha juu, ili kuona kama ngozi inavutwa mahali. Atakupapasa matiti yote mawili ukiwa umelala, kisha kwapa zote mbili na juu ya mtulinga. Una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo ndani ya chumba. Akikuta fundo, au akiwa na shaka, kwa umri wako kipimo cha kwanza kwa kawaida ni ultrasaundi, kwa sababu matiti ya wanawake walio chini ya miaka 40 yamejaa tezi na picha ya mamografia, yaani eksirei ya matiti, huficha mengi ndani ya weupe wake. Mamografia ina manufaa zaidi baada ya umri huo, na wewe unaweza kuihitaji kama nyongeza. Kama bado kuna shaka, watachukua kinyama kwa sindano nene baada ya kukuganzisha. Wapo wanaoogopa kwamba sindano au kisu kikigusa uvimbe, saratani husambaa. Imani hiyo si ya kweli na imewafanya wengi wakimbie kipimo pekee ambacho kingewapa jibu la hakika. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mwanamke anapofika na dalili hadi kupata jibu kamili zisipite siku 60, nawe utumie kipimo hicho hicho: ukizungushwa kutoka mwezi hadi mwezi bila jibu, omba rufaa.

Ikiwa hakuna kitu kilichokutwa, tiba ya maumivu ipo. Dawa ninayoanza nayo ni jeli ya diklofenaki ya kupaka, ambayo hupakwa juu ya sehemu inayouma mara mbili au tatu kwa siku na huingia kidogo sana mwilini kuliko vidonge. Parasetamoli inafaa, mradi mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni inywe baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiinywe bila ushauri. Kukanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu hakuna ubaya, lakini si juu ya titi jekundu lenye homa kama mbadala wa kwenda hospitali. Usinunue antibayotiki dukani kwa titi linalouma bila homa wala wekundu, kwa sababu hakuna maambukizi ya kuyatibu. Mafuta ya primrozi yanayouzwa kwa bei ya juu katika maduka ya dawa yaliwahi kusajiliwa Uingereza kwa ajili ya maumivu haya, na usajili huo ukaondolewa mwaka 2002 kwa kukosa ushahidi wa kutosha kwamba yanafaa. Kuacha chai na kahawa nako hakujathibitishwa kusaidia, hivyo kikombe chako cha asubuhi hakina hatia. Kwa maumivu makali yanayodumu na kuvuruga kazi na usingizi, daktari bingwa anaweza kukupa tamoksifeni kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi. Usishtuke ukikuta jina hilo, kwa kuwa dawa hiyo hiyo hutibu saratani, na kupewa kwako hakumaanishi kwamba umefichwa kitu. Haitumiki kwa mwenye mimba. Kwa wanawake wengi dawa hizi kali hazihitajiki, kwa sababu maumivu huja, yakakaa kwa miezi, yakaondoka yenyewe, na yale ya mzunguko huisha hedhi inapokoma.

Hata ukirudi nyumbani umeambiwa u salama, nenda tena bila kusubiri kama utaona fundo jipya au la zamani linalokua, ngozi inayobonyea ndani au kukunjamana, chuchu iliyoingia ndani wakati haikuwa hivyo, majimaji ya damu au ya wazi yanayotoka yenyewe kwenye chuchu moja, kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona, au tezi iliyovimba kwapani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholazimika kuuma. Maumivu ya mahali pamoja, yaliyoanza baada ya hedhi kukoma, nayo yanahitaji kupimwa hata kama mkono haukuti kitu.

Siku utakayokwenda, usianze maelezo yako na maumivu. Anza hivi: “Nimehisi mafundo kwenye titi la kushoto, nina miaka 36, na mama yangu mdogo aliugua saratani ya matiti.” Kisha ndipo ueleze maumivu, sindano na kazi yako. Mwoneshe kwa kidole mahali penyewe, umuombe apapase hapo akiwa na wewe ukimwelekeza. Na kabla hujanyanyuka kitini, muulize amekuta nini kwa mkono wake, kama unahitaji ultrasaundi na itafanyika wapi, na tarehe gani urudi akupapase tena kama hakukuta kitu leo. Tarehe hiyo iandike kwenye kalenda ile ile ya maumivu.